Sheria ya 1893 haikuwa zawadi kwa Po Leung Kuk

Mhariri,

Husemwa mara nyingi kwamba serikali ya kikoloni ya Hong Kong "iliitambua" Po Leung Kuk mwaka 1893, kana kwamba jumuiya hiyo ya hisani ya Wachina ilikabidhiwa cheti ikaachiwa iendelee na shughuli zake. Sheria Na. 10 ya mwaka huo inaonyesha nipe nikupe: jumuiya ilipata hadhi kisheria, serikali ikapata kiti cha uongozi ndani yake.

Novemba 1878 wafanyabiashara wenye asili ya Dongguan, kusini mwa China, walimwomba Gavana John Pope Hennessy ruhusa ya kuunda chama cha kuwasaka watekaji wa wanawake na watoto waliokuwa wakiuzwa madanguroni na ng'ambo. Alikubali. Hata hivyo, kwa takriban miaka 15 jumuiya haikuwa na sheria yake. Ilijibanza ndani ya hospitali ya Tung Wah. Chama cha namna hiyo hakimiliki kiwanja kwa jina lake wala hakishtaki mahakamani. Tena kikimzuia mwanamke ndani, yeyote aweza kuuliza: kwa mamlaka ya nani?

Swali hilo lilishikiliwa na Thomas Whitehead, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kamati maalumu ya kuichunguza jumuiya iliundwa mwaka 1892. Wajumbe wengi waliitetea jumuiya, yeye akapinga. Alikuwa na hofu yake ya kuona Wachina wana chombo chenye nguvu, lakini swali lenyewe lilikuwa halali. Mwenye mamlaka kisheria alikuwa Msajili Mkuu, ofisa wa serikali aliyeshughulikia mambo ya Wachina, aliyeweza kumzuia msichana asiondolewe na kumdai mlezi dhamana. Jumuiya ilitoa malazi, ikaulizia ukoo wa msichana China bara, kisha ikamrudisha kwao, ikamwoza au ikamtafutia mlezi. Kazi hizo mbili zilifungamana kiasi kwamba mtu wa nje hakujua serikali inaishia wapi.

Jibu la 1893 lilikuwa kuzifunga pamoja rasmi. Iliwekwa bodi ya kudumu, mwenyekiti wake akiwa Msajili Mkuu kwa wadhifa wake, na makamu akiwa mjumbe Mchina wa Baraza. Chini yao ilikuwapo kamati iliyochaguliwa kila mwaka, ambayo ndiyo iliyochangisha fedha na kubeba kazi za kila siku. Serikali ilitoa dola 20,000 za ujenzi, na jengo likapatikana mwaka 1896.

Linganisheni na Tung Wah. Sheria yake ya 1870 iliwaachia wakurugenzi Wachina uendeshaji, na maofisa wakabaki na haki ya kukagua. Haya yalifanyika ingawa Gavana MacDonnell aliipa kiwanja na dola 115,000 kutoka mfuko wa leseni za kamari (fedha ambazo London ilizikunjia uso). Miaka 23 baadaye serikali haikuridhika na ukaguzi, ikataka kiti chenyewe cha mwenyekiti.

Wanaoisifu sheria ya 1893 husahau pia ilichokiacha nje. Jaji Mkuu John Smale alikwisha kusema mwaka 1879 kwamba ununuzi wa mui tsai, wasichana watumishi wa nyumbani, ni utumwa. Wafanyabiashara walishikilia kuwa utekaji ni jinai, ila mzazi kumtoa binti kwa malipo ni desturi, na serikali ikaufuata mpaka huo. Kuchukua mui tsai wapya kulipigwa marufuku mwaka 1923, na usajili wa waliokuwapo ulianza 1929.

Wasomaji wako wa historia ya sheria