Lori likilegea lipimwe, lisikimbizwe mlimani

Mhariri,

Lori likitoka kufunguliwa injini, au dereva akisema limelegea, kipimo cha gereji nyingi ni kimoja: linapakiwa mzigo, fundi anakaa kushoto kwa dereva, wanaelekea mlimani. Likipanda mlima wa Kitonga, kule Iringa, kwa gia iliyozoeleka, kazi imekubaliwa na fundi analipwa. Likishindwa, linarudi gereji kufunguliwa tena, mara nyingi likiwa limeacha foleni ndefu nyuma yake. Nawaandikia wenye malori na mafundi wenzangu kwa sababu kipimo hicho kinahatarisha watu, na wala hakipimi kitu.

Mlima haukupi namba. Lori lile lile likiongezwa tani tatu, au breki ya ekseli moja ikishika kidogo, litashuka gia moja bila injini kuwa na kosa lolote. Na gia ikikataa kuingia katikati ya mwinuko, tani 44 zinaanza kurudi nyuma, na nyuma kuna basi. Kupiga resi gari limesimama nako ni bure. Injini isiyo na mzigo hufika mwisho wa mizunguko yake hata kama nozeli mbili za kupuliza dizeli zimechoka. Ulichopima hapo ni gavana tu, kile kidhibiti cha mizunguko. Wale wanaokanyaga breki huku wakiachia klachi ili "injini isikie mzigo" wanapima unene wa pleti ya klachi, ambao hautakuwa huo tena wakimaliza.

Hosipawa ni kasi ya kufanya kazi. Chukua torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kwa Nm (nyutoni-mita), zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Injini yenye Nm 1,700 kwenye mizunguko 1,400 inatoa kilowati 249. Malori ya Ulaya na Japani huhesabu hosipawa ya wati 735.5, na ya Marekani, kama Freightliner, huhesabu ya wati 746, hivyo ni afadhali kuandika kilowati na kumaliza ubishi. Namba ya kitabu ni ya kwenye flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa injini. Giaboksi, propela (shafti ndefu ya chini) na difu (gia za ekseli ya nyuma) hula asilimia 15 hadi 20 kabla nguvu haijafika kwenye matairi, na lori lenye difu mbili huwa karibu na 20. Aliyesoma 300 kwenye rola, mashine inayopima nguvu kwenye matairi, na 360 kwenye kitabu asikimbilie kumlaumu fundi.

Kabla ya kipimo chochote, ondoa wezi wa nguvu, maana wengi wao hawahitaji kufungua injini. Mtu akanyage pedali hadi mwisho huku mwingine akiangalia kama mkono wa pampu ya dizeli unagusa stopa. Kapeti nene chini ya pedali limewahi kufanya injini nzima ionekane mbovu. Kwa pedali ya umeme, mashine ya kusoma kodi (alama za hitilafu za kompyuta) ionyeshe asilimia 100. Mvutano wa filta ya hewa, injini ikiwa kwenye mzigo, usizidi kPa 6 hivi. Angalia kama kipepeo cha breki ya ekzosi, kile kinachoziba bomba la moshi, kinafunguka chote. Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, kisha pima joto la kila ngoma kwa kipimajoto cha miale: ngoma iliyo moto peke yake ndiyo inayoburuza.

Rejeta ya hewa, ile wanayoiita intakula, inayopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini, inastahili uangalifu zaidi. Ziba mdomo mmoja, weka geji na valvu kwenye mwingine, jaza upepo hadi bar 2, funga valvu, hesabu sekunde 15. Ikishuka zaidi ya nusu bar inavuja vya kutosha kukunyima nguvu, kuongeza moshi mweusi na kupandisha joto la ekzosi. Vizibo vifungwe kwa mnyororo, wala mtu asisimame mbele yake: kizibo kinachochomoka kwa bar 2 kinavunja mfupa.

Sasa kipimo chenyewe. Kisichotaka mashine ni cha kukimbia tambarare, na siri yake ni kupima muda wa kutoka mwendo mmoja hadi mwingine ndani ya gia moja, tuseme kilomita 40 hadi 60 kwa saa. Ukianzia sifuri unapima mkono wa dereva na klachi. Chagua gia ambayo 40 inaangukia mizunguko 1,200 na 60 inaangukia 1,800. Ingia gia hiyo ukiwa kwenye 35, tulia, kanyaga pedali hadi mwisho, achia baada ya kupita 60.

Mfano: lori la tani 44, uzito wa mizani, si wa kukisia, limechukua sekunde 20. Nishati ya mwendo iliyoongezeka ni nusu ya uzito mara tofauti ya miraba ya mwendo (mita 16.67 na 11.11 kwa sekunde), yaani karibu kilojuli 3,395. Gawanya kwa 20: kilowati 170. Hiyo imekwenda kwenye kuongeza mwendo peke yake. Kwa mwendo wa kati wa kilomita 50, mbiringiko wa matairi umekula takriban kilowati 42 na upepo 10. Jumla 222 kwenye matairi, na ukigawanya kwa 0.85 ni kilowati 261 kwenye flaiwili, karibu hosipawa 355. Huo ni wastani kati ya mizunguko 1,200 na 1,800, kwa hiyo kilele cha injini kiko juu kidogo ya hapo.

Kinachoharibu hesabu hii zaidi ya vyote ni mteremko usioonekana. Mwinuko wa mita 1 katika kila mita 100, ambao macho huuita tambarare, unalinyang'anya lori hilo kilowati 60 kwa mwendo wa 50. Ni hosipawa 80 zilizopotea, au zilizopatikana bure ukigeuza gari. Ndiyo maana kila kipimo kifanyike kwenda na kurudi, kipande kilekile, mara tatu kila upande, kisha hesabu ya nguvu ichukue wastani wa pande zote mbili. Kama pande zinatofautiana mno, tafuta kiwanja kingine. Simu haitoshi sana kwa kazi hii kwa kuwa nyingi husoma setilaiti mara moja kwa sekunde. Kosa la sekunde moja katika 20 ni asilimia 5. Kifaa cha kusoma mara 10 kwa sekunde ni bora. Na simu ishikwe na mtu wa pili, si dereva.

Mahali pawe pamefungwa: yadi kubwa au kiwanja cha binafsi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Sekunde 20 kwa wastani wa kilomita 50 ni karibu mita 280. Ongeza za kufikia 40, kisha acha angalau mita 200 tupu za kusimamia, ingawa breki nzima hutumia chini ya nusu yake. Kilomita moja iliyonyooka ndiyo ya kutafuta. Ukiwa na mita 400 tu, shusha mwendo na gia, upime 20 hadi 30, lakini muda unakuwa mfupi na vyuma vinavyozunguka ndani ya injini na giaboksi vinaanza kuhesabika, hivyo namba hiyo ilinganishe na ya lori hilohilo tu. Mzigo uwe kitu kisichohama: matofali ya zege, au kontena lililofungwa kufuli zake nne. Tangi lenye kimiminika nusu halifai kabisa, na tangi la mafuta halifai hata likiwa tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Utingo asining'inie nje. Na barabara kuu si kiwanja, hata saa nane za usiku.

Anayeweza kulipia dainamometa ya rola atapata namba safi zaidi, ila mashine hii nayo huua injini na watu ikichezewa. Kama lori lina difu mbili, rola ziwe chini ya zote mbili. Ukizungusha moja na nyingine imesimama sakafuni, difu ndogo ya katikati inabeba tofauti yote na kuungua. Kwenye rola za ekseli moja, toa propela fupi inayounganisha difu hizo, funga loki ya katikati, na panda kwa ekseli ya mbele ya hizo mbili.

Zima mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza. Kompyuta ikiona ya nyuma yanazunguka na ya mbele yamesimama, inakata nguvu. Angalia pia kidhibiti mwendo. Lori lenye difu ya 3.7 na matairi ya 315/80R22.5, likiwa kwenye gia ya moja kwa moja, linafika kilomita 80 kwenye mizunguko 1,500 hivi. Kama kidhibiti kimewekwa hapo, karatasi itaonyesha injini inakufa kwenye 1,500 na mwenye mali atauziwa pampu mpya bila sababu. Shuka gia moja.

Matairi yaliyobandikwa kashata upya yatolewe, kwa kuwa joto la rola huzivua. Chomoa kila jiwe lililokwama kati ya matairi pacha. Minyororo minne ya kufungia lori ivute pande tofauti, bila kukaza kupita kiasi, maana kukaza huongeza msuguano na kupunguza namba. Hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, na moshi utolewe nje kwa bomba. Feni kubwa ipulize rejeta. Bila hiyo hewa inayoingia inachemka, na mvuto wa tatu (kila kukanyaga hadi mwisho kwenye rola ni mvuto mmoja) unatoka chini ya wa kwanza. Kila mvuto, kutoka mizunguko 1,000 hadi 1,900, usizidi sekunde 15, na katikati injini ipoe. Mivuto mitatu isipokubaliana ndani ya asilimia 2, tairi linateleza au kitu kinapata joto.

Kuna wanaosoma torki kwenye kompyuta ya lori kupitia plagi ya duara ya pini 9. Ni njia nzuri ya kuona kama kompyuta imejipunguzia nguvu yenyewe kwa ajili ya joto au kodi fulani. (Vile vidude vya magari madogo ni vya volti 12; ukivichomeka kwenye volti 24 unanusa moshi.) Lakini namba hiyo haikupimwa, imekadiriwa kutokana na mafuta ambayo kompyuta imeagiza. Nozeli ikivuja, au dizeli ikiwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa yenye nishati ndogo kwa kila lita, kompyuta itaendelea kusema mambo ni mazuri.

Wenye malori, dai karatasi kabla na baada ya kazi, yenye uzito wa mizani, gia, mizunguko, kilowati kwenye matairi, joto la hewa na mahali palipopimwa. Mahali pana maana yake. Dar es Salaam iko usawa wa bahari na Mbeya iko juu zaidi ya mita 1,600. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu wa hewa, lakini injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Lori la namna hiyo lililopimwa kilowati 120 Dar likisoma 100 Mbeya bado ni zima.

Fundi wa injini za dizeli,
Mbeya