Barua ya Wazi kwa Meya: Nyumba Inayoitwa Nafuu Haijahesabiwa Nauli

Mheshimiwa Meya,

YAH: MIRADI YA NYUMBA ZA PEMBEZONI NA USAFIRI WA KUZIFIKIA

Mezani kwako kuna mafaili mawili. La kwanza ni la nyumba za bei nafuu zitakazojengwa mahali ambapo ardhi ni rahisi, yaani mbali. La pili ni la usafiri wa umma, na linashughulikiwa na idara nyingine yenye bajeti yake na wakuu wake. Sisi tunaokuandikia tunapanga ratiba za mabasi na matumizi ya ardhi ya mjini. Ombi letu ni moja: usitie saini faili la kwanza kabla ya kulisoma la pili, kwa sababu mpangaji huzilipa kodi na nauli kutoka mfuko uleule.

Tuchukulie kaya yenye wafanyakazi wawili na kipato cha 100 kwa mwezi. Nyumba ya karibu na kazi inadai kodi ya 34 na nauli ya 6. Ya mbali inadai kodi ya 20, lakini kila mfanyakazi anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa hiyo nauli inafika 17. Tofauti ya kodi ni 14, lakini ukijumlisha nauli inabaki 3 tu. Sasa weka muda. Kama kila mmoja anapoteza saa mbili zaidi kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni saa 44 kwa kila mmoja, karibu wiki nzima ya kazi, na hazilipwi na mtu. Badilisha tarakimu uwezavyo ukitumia takwimu za jiji lako. Mara nyingi utakuta nafuu iliyotangazwa imeliwa kabla ya mwezi kwisha.

Wengi hupima unafuu kwa kanuni ya asilimia 30 ya kipato. Kanuni hiyo ilitoka kwenye sheria za nyumba za umma za Marekani, ambako kikomo kilikuwa asilimia 25 mwaka 1969 kikapandishwa hadi 30 mwaka 1981. Inahusu nyumba peke yake. Kipimo kinachojumlisha nyumba na usafiri, kikomo chake kikiwa asilimia 45, kipo na kinatumika, na ofisi yako inaweza kukianza bila sheria mpya. Kinachohitajika ni mtu wa takwimu, na idara mbili zinazokubali kupeana taarifa. Hilo la pili ndilo gumu.

Matokeo ya kutopiga hesabu hii yanajulikana. Mexico ilijenga nyumba nyingi za mikopo nje kabisa ya miji, na nyingi zikaachwa tupu kwa kuwa wenyewe hawakuweza kufika kazini na kurudi kwa gharama wanayoimudu. Afrika Kusini ilitoa nyumba kwa mamilioni ya watu baada ya 1994, lakini sehemu kubwa ilijengwa mbali na ajira, palepale ambapo ubaguzi ulikuwa umewasukuma watu. Paa walipata, jiji wakabaki kulisafiria.

Jibu la kawaida ni kwamba basi litafuata watu. Basi halifuati watu wachache waliotawanyika, maana kila basi la ziada linahitaji dereva, mafuta na fundi kila siku ya mwaka. Hesabu yake inaingia kwenye kipande cha karatasi. Chukua njia ya kilomita 15. Katika foleni, basi linakwenda wastani wa kilomita 15 kwa saa, vituo vikihesabiwa. Kwenda dakika 60, kurudi dakika 60, na kila mwisho wa njia dereva anahitaji kama dakika 10 za kupumzika na kufidia ucheleweshaji. Mzunguko ni dakika 140. Ukitaka basi kila dakika 10, gawa 140 kwa 10: unahitaji mabasi 14 barabarani, na mawili ya akiba kwa ajili ya matengenezo. Ukiwa na mabasi saba tu, abiria atapata basi kila dakika 20, hata uandike nini kwenye kibao cha kituo.

Sasa yape mabasi njia yao peke yao, magari mengine yasiingie, mwendo upande hadi kilomita 20 kwa saa. Kwenda dakika 45, kurudi 45, mapumziko 20: mzunguko ni dakika 110, na mabasi 11 yanatosha kwa huduma ileile. Umeokoa mabasi matatu na madereva wa zamu zote bila kufuta safari hata moja. Au yaache yote 14, na abiria apate basi karibu kila dakika 8. Mheshimiwa, kasi ya basi ni suala la bajeti kabla ya kuwa suala la starehe.

Njia ya mabasi iliyochorwa kwa rangi tu hudumu mpaka gari la kwanza la mizigo liegeshe ndani yake. Gari moja linatosha kuifunga, kwa sababu kila basi lazima lichomoke, lisubiri nafasi, kisha lirudi. Weka kingo au kamera, na siku ya kwanza iwe siku ya faini. Pale ambapo barabara ni nyembamba mno, usiache kila kitu: muda mwingi hupotea kwenye makutano, kwa hiyo yape mabasi mita 100 za mwisho kabla ya taa, na taa iyaruhusu sekunde chache kabla ya magari mengine. Wataalamu watakaokuletea mchoro wa kupanua barabara kwa magari yote waulize kuhusu Katy Freeway, barabara kuu ya jiji la Houston, Marekani. Upanuzi wake ulikamilika mwaka 2008, baadhi ya sehemu zikafikia njia 26 ukihesabu na za pembeni, na miaka michache baadaye foleni ilikuwa imerudi. Njia moja ya mjini ikiachiwa magari madogo hubeba watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa. Ikitengewa mabasi yanayopita mfululizo hubeba 4,000 hadi 8,000.

Vituo navyo vimekaribiana mno. Vikiwa kila mita 200, njia ya kilomita 15 ina vituo kama 75. Kufunga breki, kufungua milango na kujipenyeza tena barabarani huchukua kama sekunde 25 hata abiria akiwa mmoja. Basi likisimama vyote, hizo ni dakika 31. Vikiwekwa kila mita 400, dakika 15 zinarudi, na anayetembea zaidi ya wote anaongezewa mita 100 kando ya njia, dakika moja na ushee. Kuna vighairi: mbele ya hospitali, sokoni na kwenye mlima mkali, kituo kibaki. Diwani wa kila mtaa atasema na kwake ni kighairi.

Halafu kuna adha ambayo abiria huiona kama uzembe wa madereva: basi halionekani kwa dakika 20, kisha yanakuja mawili yameongozana. Sababu ni ya kimaumbile. Basi likichelewa kidogo hukuta watu wengi zaidi kituoni, kuwapakia kunalichelewesha zaidi, na lile la nyuma linakuta vituo vitupu na kulikaribia. Mabasi ya kila dakika 10 yakitembea wawiliwawili, wastani wa kusubiri unapanda kutoka dakika 5 hadi 10, na la mbele limejaa hadi mlangoni huku la nyuma likiwa na viti. Kununua mabasi mengine hakutibu jambo hili. Dawa ni mratibu mwenye simu na ramani anayelizuia la nyuma kwa dakika mbili tatu kwenye kituo kilichochaguliwa, akiangalia nafasi kati ya basi na basi badala ya saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Dawa ya pili ni kulipa kabla ya kupanda. Abiria 30 wakipanda mlango mmoja na kulipa taslimu, kila mmoja sekunde 4, basi linasimama dakika mbili. Wakipanda milango mitatu wakiwa wameshalipa, ni kama nusu dakika.

Malipo yanaharibu zaidi ya muda. Pale ambapo kila kupanda basi ni nauli mpya, abiria huchukia kubadilisha gari, na ana haki. Kwa hiyo kila mtaa unadai njia yake ya moja kwa moja hadi katikati ya mji, na njia zote zinarundikana kwenye barabara zilezile mbili tatu, kila moja ikiwa na basi baada ya dakika 40. Anayetoka mashariki kwenda kaskazini lazima apite katikati, hata kama kazi yake haipo huko. Na kumbuka kwamba mpangaji hawezi kuhama kila anapobadilisha kazi, maana kuhama kunadai amana na kodi ya mbele. Tiketi ya dakika 90, panda mabasi mengi utakavyo, ndiyo inayofungua njia ya kupanga mtandao wa mistari inayokatana. Houston ilibadilisha mtandao wake wa mabasi kwa namna hiyo usiku mmoja, Agosti 2015. Barcelona ilifanya kwa awamu kuanzia 2012 hadi 2018. Tunalisema hili mapema kwa sababu nauli ya bure ndiyo ahadi inayopendwa wakati wa uchaguzi: Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iliwapa wakazi wake usafiri wa bure mwaka 2013, na Luxembourg ikafuta nauli nchi nzima mwaka 2020. Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri pale ambapo huduma tayari ni ya kutosha. Mahali basi linapita mara moja kwa saa, fedha hizo zinunue safari kwanza.

Turudi kwenye nyumba, maana basi la kila dakika 10 linahitaji watu wa kulijaza. Kanuni ya tangu miaka ya 1970 inasema basi la kila nusu saa linahitaji nyumba kama 17 kwa hekta, na la kila dakika 10 kama 37. Duara la mita 500 kuzunguka kituo ni hekta 78. Toa barabara, shule na maeneo ya wazi, zibaki 47. Kwa nyumba 40 kwa hekta unapata kaya 1,880, na kwa nyumba 100, ambazo hupatikana kwa majengo ya ghorofa tatu hadi tano, unapata 4,700. Hakuna haja ya minara. Lakini ukuta mrefu wa mtaa uliozungushiwa geti unaweza kuikata nusu ya duara hilo, kwa sababu watu hutembea kwa kufuata njia, hawaruki. Idai njia ya waenda kwa miguu kwenye kila kibali.

Kinachoizuia nyumba hiyo isijengwe mara nyingi ni kanuni za jiji lenyewe. Tazama maegesho. Nafasi moja, pamoja na sehemu ya gari kugeuzia, inachukua mita za mraba 25 hadi 30, ukubwa wa chumba na sebule. Sharti la nafasi moja kwa kila nyumba linamlazimisha asiye na gari kulipia kodi ya gari la mwenzake. Buffalo ya Marekani na Jiji la Mexico ziliondoa sharti hilo mwaka 2017, na mwaka 2020 New Zealand ikaamuru miji yake mikubwa iliondoe. Anayetaka maegesho atayajenga kwa fedha yake. Tazama pia ukubwa wa chini wa kiwanja na marufuku ya ghorofa kwenye mitaa iliyo hatua chache kutoka kituoni. Hizo zifutwe kwanza kando ya njia zenye basi la mara kwa mara, kabla ya kugusa kwingine.

Tahadhari moja, na hapa ndipo miji mingi huteleza. Siku unayotangaza njia mpya, bei ya ardhi kando yake inapanda, na mwenye nyumba anapandisha kodi kabla basi la kwanza halijafika. Wapangaji wa kipato cha chini, ambao njia ilikusudiwa wao, wanahamia mbali nayo. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza orodhesha na uzuie kuuzwa kwa viwanja vyote vya umma ndani ya mita 500, karakana na maghala ya zamani yakiwemo, pili weka kikomo cha kupandisha kodi kwa mpangaji aliyepo, tatu badilisha kanuni za ujenzi, ndipo utangaze. Hong Kong hulipatia shirika la reli haki ya kujenga juu ya stesheni kwa thamani ya ardhi ya kabla ya reli, na ongezeko la thamani linasaidia kulipia reli yenyewe. Mfumo huo haujafanya nyumba za Hong Kong kuwa rahisi, kwa hiyo ukiuiga, andika mapema ni nyumba ngapi zitakuwa za kodi nafuu na kwa miaka mingapi.

Tunaomba uagize karatasi moja iambatishwe kwenye kila ombi la mradi wa nyumba unaopata ardhi au fedha ya umma. Ioneshe jumla ya kodi na nauli kwa kaya ya wafanyakazi wawili. Dakika za kutoka mlangoni hadi kwenye maeneo matatu makuu ya ajira, saa moja asubuhi na saa nane mchana. Mabasi mangapi yanahitajika na nani anayalipia kwa miaka mitano ya kwanza. Umbali wa kutembea hadi kituoni kwa njia halisi. Na basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Walinzi, wauguzi na wafanya usafi hutoka kazini wakati mabasi mengi yameshalala, na bodaboda au teksi ya usiku mara chache kwa wiki inatosha kuvuruga hesabu yote ya juu. Mwombaji asiyeweza kujaza sehemu hiyo ya mwisho arudishiwe ombi lake.

Wako,
Waratibu wa safari za mabasi na wapangaji wa ardhi ya mjini