Yah: Mama yangu kutolewa chumba cha daktari kwa sababu ana kadi ya bima

Newala,
9 Mei 2025

Mkurugenzi wa Hospitali,
Mtwara.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimesubiri siku mbili kabla ya kushika tena kalamu, maana barua niliyoiandika Jumanne usiku haikufaa kusomwa na mtu mzima mwenye heshima zake.

Niende moja kwa moja pale panapouma. Jumanne, Mei 6, saa tano kasoro asubuhi, mama yangu alikuwa ameshaketi ndani ya chumba cha daktari bingwa wa mifupa. Aliitwa kwa jina, akaingia na mkongojo wake, akakaa. Kabla hajasema anaumwa nini, muuguzi akachukua faili mezani, akalitazama, akasema, "Daktari, huyu ni wa bima." Daktari akajibu, "Si nilishasema?" Basi. Mama akaambiwa anyanyuke, kwa nyonga ile ile iliyotuleta kwenu.

Kibao chenu cha nje kinasema mnapokea kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Binti wa mapokezi aliichukua kadi, akaihakiki, akasema iko hai. Akanitoza Sh 10,000 ya kufungua faili, nikalipa kwa kuwa sikutaka maneno mbele ya mama. Tukakaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Katika muda wote huo hakuna aliyetuambia kwamba bingwa huyu haoni watu wa bima.

Na mimi nilikuwa nimeshauliza! Hili nilipaswa kulianza. Aprili 29 niliwapigia simu kwa namba iliyo kwenye kibao hicho hicho. Bingwa wa mifupa yupo? Yupo, Jumanne na Alhamisi. Anapokea bima? "Bima tunapokea baba, njooni tu." Sasa ndiyo naelewa. Mimi niliuliza "anapokea", nikajibiwa "tunapokea". Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kila mwaka nafundisha watoto nafsi za umoja na wingi, na hilo likanipita.

Lakini mkataba na Mfuko mmeusaini ninyi, kama kituo. Haukusainiwa na daktari mmoja mmoja. Anayekaa kwenye chumba chenu, anatumia muuguzi wenu na faili zenu, akiwakataa wagonjwa wa mkataba wenu, aliyekataa ni nani? Na kama bei za kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma anazolipia Mfuko, kilichoanza Machi 1, 2024 hazimridhishi, huo ni ugomvi wenu na Mfuko. Kaeni nao mezani. Msiumalizie kwenye nyonga ya mama yangu. Mchango wa bima ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anatoa mwajiri na nusu inakatwa kwangu. Tangu nilipoajiriwa mwaka 2009 sijawahi kupewa nafasi ya kusema mwezi huu makato siyapokei.

Narudi pale chumbani, kwa sababu hapo juu nilificha jambo kwa aibu. Mama aliponyanyuka, mkono mmoja ulikuwa kwenye mkongojo na mwingine umeshika bahasha ya picha ya eksirei, picha ambayo daktari hakuomba hata kuiona. Khanga ikamteleza mabegani, hana mkono wa kuizuia. Mlango uko wazi, benchi zima linatazama. Muuguzi, binti wa rika la wanafunzi wangu, akatoka mlangoni na kutangaza kwa sauti ya mpiga debe: "Wa bima wote warudi mapokezi, huku ni keshi!" Daktari hakuinua macho kwenye simu yake. Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kimakonde kama amekosea kuingia bila kupiga hodi. Mwanamke wa miaka 71, alidhani ametolewa kwa kukosa adabu.

Aliyeingia baada yake alikuta kiti bado cha moto. Nilipokwenda kwa keshia kuuliza, nikaambiwa nikitoa Sh 60,000 mama ataonwa sasa hivi, na daktari huyo huyo. Kwa hiyo muda ulikuwepo. Mwezi Mei huku kwetu hela ya korosho imeshageuka bati na ada za shule, na kilichobaki kinasubiri salfa ya mikorosho. Sikuwa nayo. Tuliondoka kama tulivyokuja, mama akiwa amelazwa kiti cha nyuma, kupitia Nanyamba na Tandahimba, na kila gari liliporuka shimo nilimsikia akivuta pumzi. Majirani wananiambia ningempeleka hospitali ya Ndanda tangu mwanzo. Nitampeleka, ila hilo haliwafutii ninyi kosa.

Ninachoomba ni barua ya kumwomba radhi mama, iandikwe kwa jina lake na si langu. Nirudishiwe Sh 10,000. Mama apangiwe siku ya kuonwa na bingwa huyo kwa kadi yake.

Hayo niliyaandika jana. Leo asubuhi nimemkuta ameifunga kadi yake kwenye leso, akaniambia niirudishe serikalini, itampa aibu tena. Kwa hiyo naongeza. Mtalipa nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na gesti ya usiku mmoja, risiti ninazo. Mtabandika pale mapokezi orodha ya madaktari wenu wote, ionyeshe nani anaona wagonjwa wa bima na siku gani. Kama hamuwezi, kipakeni rangi kile kibao. Na muuguzi yule asiniandikie mimi, aje Newala ampigie mama magoti.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, nakwenda ofisi ya Mfuko ya mkoa, kisha kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na daktari nitampeleka Baraza la Madaktari Tanganyika. Walimu wa Newala, Tandahimba na Masasi tuna kundi letu la WhatsApp, na wote wana kadi kama ya mama. Mpaka sasa sijawaandikia neno.

Ningemalizia kwa "wenu katika ujenzi wa taifa" kama tulivyozoea, lakini safari hii mniwie radhi.

Mtoto wa mgonjwa,
Mwalimu, Newala.

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Mtwara (ipo kwenye bahasha, stempu nimeshabandika, sijaituma).