Anga letu baada ya Magharibi: barua ya wazi kwa wapima ardhi na wanafunzi wa fizikia wa Unguja na Pemba

Wanangu, Assalaam alaykum.

Nawaandikia nyinyi mnaopima viwanja na kurusha droni, na nyinyi mnaotafuta jambo la utafiti. Jambo lipo juu ya visiwa vyetu kila siku: ionosfia, tabaka la juu la anga lenye elektroni huru, linavyovuruga vipimo vya GPS. Na kulipima hakuhitaji kungoja mradi kutoka nje.

Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, kiasi cha digrii 15 kaskazini yetu. Huko, mchana kutwa, elektroni za ionosfia hupandishwa juu, kisha huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku na kurundikana pande mbili, kaskazini na kusini. Rundo la kusini ndilo tunaloishi chini yake. Wanasayansi huhesabu elektroni hizo kwa TECU: moja ni elektroni bilioni milioni 10 katika nguzo yenye kitako cha mita moja ya mraba, nayo huchelewesha mawimbi ya L1, masafa ya kwanza ya GPS (ya pili ni L2), kwa sentimita 16 hivi. Zikifika TECU 80, kosa ni karibu mita 13 kwa satelaiti iliyo utosini, na kubwa zaidi kwa iliyoinama kwenye upeo. Marekebisho yanayotumwa na satelaiti zenyewe huondoa takriban nusu tu. Kwa hiyo anayepima mpaka wa shamba kwa risiva ya masafa mamoja anajidanganya, hasa kati ya saa 8 na saa 10 alasiri rundo linapokuwa kubwa. Tumieni masafa mawili, na alasiri msiiache stesheni ya msingi, ile risiva iliyotulia mahali panapojulikana, mbali zaidi ya kilomita 10.

Tabu nyingine huja usiku. Jua likizama, tabaka la chini la ionosfia hupoteza elektroni zake upesi, na la juu, lililo zito, hunyanyuliwa zaidi. Zito likikaa juu ya jepesi, jepesi hupenya kwenda juu kama mafuta yaliyomiminwa chini ya maji. Hayo ndiyo mapovu ya plazma, yaani ya hewa yenye elektroni huru, nayo huyumbisha mawimbi ya GPS hata risiva ikayapoteza. Hutokea zaidi baina ya saa 1 na saa 6 usiku, na kwa kanda yetu hushamiri Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, kwa sababu miezi hiyo mstari wa machweo hulala sambamba na mistari ya sumaku. Machi na Aprili masika huwa yanaingia, na watu huyalaumu mawingu. Mvua haina kosa hapo. Mawimbi ya GPS huipita bila tabu.

Sasa kituo cha kuyapima hayo. Mnahitaji risiva ya masafa mawili inayotoa data ghafi, kompyuta ndogo, antena, na betri ya volti 12 yenye Ah 50. Vyombo hivyo vikila wati 5, nusu ya betri itawavusha saa 60 umeme ukikatika. Antena isimamishwe juu ya kila kitu kilicho jirani, na mlingoti usitikisike kusi ikivuma. Viungio vya waya vifungwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, maana chumvi ya bahari hugeuza shaba kijani.

Hesabu ya kuanzia ni ROTI, kipimo cha jinsi idadi ya elektroni inavyoyumba. Toeni fazi ya L2 katika ya L1 mpate TECU, angalieni inavyobadilika kwa dakika katika kila sekunde 30, kisha mpate mchepuko sanifu wa dakika 5. Satelaiti zilizo chini ya digrii 30 ziacheni. Ikizidi 0.5, shukuni mapovu.

Shukuni tu, msihukumu bado. Mwangwi wa mawimbi kutoka paa la bati huleta sura ile ile. Tofauti ni kwamba mwangwi hurudi kila siku kwa satelaiti ile ile, ukitangulia kama dakika 4, kwa kuwa satelaiti za GPS hurudia njia yake kwa siku ya nyota na si ya jua. Mapovu hayana ratiba hiyo. Satelaiti zote zikizimika kwa mpigo, tafuteni mtambo wa redio jirani. Zikififia zote pole pole kwa wiki kadhaa, kiungio kimeoza. Mapovu hushika upande mmoja wa anga, kisha husogea mashariki.

Andikeni saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, peke yake. Saa 2 usiku yetu ni 20:00 ya Afrika Mashariki na 17:00 ya UTC. Daftari linalochanganya hizo tatu halitengenezeki tena. Kumbukeni pia kwamba saa ya GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18.

John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Marekani cha mradi wa Mercury, wa kupeleka watu angani, kilikuwa hapa Unguja kikizungumza naye. Mwaka 1964 kiliondolewa. Kituo cha mtu huondoka na mwenyewe, na ndiyo maana nataka hiki kiwe chenu. Msikizime miezi ya utulivu: kilele cha mzunguko wa shughuli za jua kilitangazwa Oktoba 2024, na kushuka kwake kunataka rekodi isiyokatika.

Cha pili kiwekeni Chake Chake. Pemba iko kaskazini mashariki ya Mjini, na kwa upande wa mashariki peke yake ni kilomita 60 na kitu. Mapovu yakienda mita 100 kwa sekunde, yanayoonekana Unguja yatafika kwenu wa Pemba baada ya dakika 10 hivi. Wekeni rekodi mbili kando kwa satelaiti ile ile, mpime huo muda, na kasi mtakuwa mmeipata wenyewe. Antena ya kwanza iwe imesimama kabla ya Septemba.

Mzee wenu,
Mjini Unguja