Sare ya meza ya pili jana

Wanachama, salaam. Mlioondoka mapema jana, mchezo wa sataranji (chess) wa meza ya pili uliisha sare, kila mmoja nusu pointi. Mwenye nyeupe alibaki na ngome na kitunda (kete ndogo kabisa), mwenye nyeusi ngome tupu, na sisi watazamaji tulishamzika. Kumbe kijana anaijua kinga ya Philidor, yule mchezaji Mfaransa wa karne ya 18! Ngome akaituliza mstari wa 6, ukihesabu kutoka upande wa nyeupe. Kitunda kilipokanyaga hapo tu, akaishusha hadi mstari wa 1, akaanza kumkimbiza mfalme wa nyeupe kwa cheki, yaani kumshambulia mfalme moja kwa moja, kutoka nyuma. Pa kujificha hapakuwepo.

Kaka wa nyeupe, usinune. Mimi naona uliharakia kubadilishana malkia.

Jumamosi saa 9 alasiri tutaipanga tena ubaoni. Mwenye saa ya mchezo aje nayo ikiwa na betri, tafadhali.