Udogo wa bastola sio upole wake

Mhariri,

Niruhusu nafasi kidogo kwenye gazeti lenu nitoe dukuduku langu kuhusu ile makala ya usalama wa wanawake wanaoishi majuu, pale mwandishi alipowashauri akina mama wanaotaka silaha ya kujilinda wachukue rivolva ndogo ya mtutu mfupi kwa sababu ni nyepesi, inaingia kwenye pochi na eti teke lake ni dogo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niko hapa Houston, Texas, mwaka wa 11 sasa, nahudumia wazee majumbani kwao na zamu zangu nyingi ni za usiku, silaha ninayo kihalali na rivolva ya aina hiyo hiyo ninayo, kwa hivyo naomba nisikizwe maana mkono uliovimba ulikua wangu.

Kwanza tuelewane kwa maneno, sababu Kiswahili chetu zote tunaziita bastola na hapo ndo mkorogo unapoanzia. Rivolva ni ile ya silinda inayozunguka, mara nyingi risasi 5 au 6. Hii nyingine risasi zake zinakaa kwenye magazini inayoingia ndani ya mpini, na kile chuma cha juu, slaidi, kinarudi nyuma kila ukifyatua kinatema ganda kinaingiza risasi nyingine. Ile Ceska ambayo watu wa Kenya tunaisoma kwenye habari za polisi kila uchao ni ya aina hii ya pili. Na teke ninalosema ni ule msukumo unaokurudia mkononi risasi ikitoka mbele.

Sasa mkasa wangu. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 asiye na makosa anaweza kubeba bastola bila kibali (sio kama nyumbani, kule bila Bodi ya Leseni za Silaha hugusi kitu), na mie na wenzangu wa kazini tukaanza kuzungumza habari hizo kwenye mapumziko ya chai. Nikaenda dukani. Muuzaji hata hakuniuliza nimewahi kushika silaha au la, aliangalia mkono wangu, akaangalia pochi, akanitolea rivolva ya risasi 5 yenye fremu ya alumini, nyepesi kama simu mbili zilizobebana, akaniambia hii ndo ya akina mama. Nikalipa. Jumamosi nikaenda renji, pale pa kujifunzia kulenga shabaha, na boksi la risasi 50, nikapiga 15 nikaweka chini. Mlio sikujali, niliziba masikio. Lakini kila nikifyatua ule mpini mdogo wa mviringo unazunguka kwenye kiganja kama sabuni, pale katikati ya kidole gumba na cha shahada pakawa pekundu, na ile pete ya chuma inayozunguka kifyatulio inanigonga kifundo cha kidole cha kati, pahala pale pale kila mara. Wiki nzima sikuweza kukaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, wali wa nazi nikapikia ya kopo, na anayenijua anajua hiyo kwangu ni aibu.

Mwalimu wa pale renji, mama mmoja wa makamo aliyewahi kuwa polisi, alinitazama tu akacheka kidogo akanipa Glock 19 yake, bastola ya magazini, nijaribu. Niliiogopa kwa sababu ni kubwa zaidi na ni ya risasi za 9mm, nikajua hii sasa itaniangusha. Haikuniangusha. Inasukuma, ndio, lakini inasukuma kuja nyuma moja kwa moja kama mtoto anayekukimbilia mlangoni, rivolva yangu ilikua inapiga kofi.

Mwanangu anasomea uinjinia hivo siku ya pili tulikaa mezani tukapiga hesabu, na hapa naomba mwandishi wenu asome taratibu. Risasi ya kawaida ya rivolva yangu, 38 Special, ina kichwa cha gramu 10 na kidogo, na kwenye mtutu wa inchi 2 inatoka na kasi ya mita 215 hivi kwa sekunde. Ya 9mm kichwa ni gramu 8 lakini inakimbia kama mita 340. Ukichukua msukumo peke yake 9mm ina nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini msukumo huo unagawanywa kwa uzito wa silaha yenyewe, na ndo pale mambo yanapogeuka, sababu rivolva ya alumini kama 642 ya Smith & Wesson ikiwa na risasi zake zote haifiki nusu kilo, na Glock 19 ikijaa risasi 15 ni kama gramu 850. Tulipata teke la jouli (kipimo cha nishati) 6 na nusu hivi kwa rivolva na 6 hivi kwa Glock. Yani ile yenye risasi kali zaidi ndo inarudi kwa upole zaidi, kwa sababu ya uzito tu.

Alafu mwanangu akaingiza SIG P365, ambayo ilitoka 2018 na ndo iliyowafundisha watu kwamba bastola ndogo kabisa inaweza kubeba risasi 10, hiyo tupu ni kama nusu kilo. Ikaja jouli 7 na nusu. Akanicheka, mama karatasi inasema hii inapiga teke kuliko rivolva yako. Nikamwambia karatasi haina kidole cha kati. Nimeshazipiga zote mbili siku moja, P365 nilimaliza boksi zima nikaenda sokoni.

Kwa nini iwe hivo? Mwalimu alinieleza na mimi nimeona mwenyewe. Rivolva ni kitu kimoja kilichofungika, hakuna kinachotembea, msukumo wote unaingia kiganjani kwa mara moja. Kwenye bastola ya magazini sehemu kubwa ya msukumo inabebwa kwanza na slaidi na mtutu, inakwenda nyuma inakandamiza springi, kwa hivyo mkono unapokea teke lile lile lakini limetandazwa kwa muda mrefu kidogo, kama kuruka chini ukakunja magoti badala ya kutua na miguu iliyonyooka. Jambo la pili ni urefu wa mtutu kutoka kwenye mkono, simaanishi urefu wa kwenda mbele, namaanisha umekaa juu kiasi gani. Kwenye rivolva mtutu uko mbali juu ya kiganja, hivo pua inaruka juu na mpini unakuzunguka. Kwenye Glock mtutu umelala karibu na mkono. Na la tatu ni mpini wenyewe, ile rivolva ya mfukoni inaingia vidole viwili, cha tatu kinaning'inia hewani, wakati bastola ya magazini hata iwe fupi mgongo wake ni mpana unatandaza teke kwenye kiganja kizima. Ongeza na kifyatulio cha rivolva kizito cha kuvuta kama kilo 5 na kitu, ambacho mpaka umalize kukivuta ule ushikaji mzuri ulioanza nao umeshalegea.

Nadhani hii imani ya rivolva pole inatoka kwa wazee, na wazee hawakudanganya. Colt Detective Special ya 1927 waliyobeba makachero wa Marekani ilikua chuma tupu, na hata Chiefs Special ya Smith & Wesson ya 1950, ya risasi 5, ile ya chuma ina zaidi ya gramu 540. Ukipiga risasi ile ile ya 38 kwenye hiyo ya chuma hesabu inashuka mpaka jouli 5 hivi, chini ya hata Glock. Umbo ni lile lile, mtutu ni ule ule, tofauti ni chuma na alumini. Watu wakatoa uzito ili ibebeke vizuri, sifa za zamani zikabaki pale pale.

Na ukitaka kujua mwisho wa njia hiyo uko wapi basi kuna rivolva inaitwa 340PD, fremu ya alumini iliyochanganywa na skandiamu na silinda ya titaniamu, gramu 330 hivi tupu, inapiga risasi kali za .357 Magnum. Mwanangu alipoingiza nambari zake tukapata zaidi ya jouli 20, tukadhani amekosea akarudia. Hakukosea. Ile wameiandika kwenye mtutu kabisa usitumie vichwa vyepesi chini ya kama gramu 8, sababu risasi hizo zinaweza kuila titaniamu ya silinda mapema, na teke lake nalo linaweza kung'oa vichwa vya risasi zilizobaki kwenye silinda, vinachomoza mbele kwenye ganda na silinda ikagoma kuzunguka. Sasa huyo mwandishi amewaambia kina mama wachukue iliyo nyepesi. Nyepesi ndo hiyo mpenzi.

Siwezi kusema rivolva haina kazi, ningekua muongo. Mgonjwa wangu mmoja ana baridi yabisi ya vidole, slaidi hawezi kuivuta hata nusu, na kwake silinda ni rahisi. Pia bastola ndogo ya magazini ukiishika kwa mkono uliolegea inakwama, slaidi haipati kitu kigumu cha kusukumia, ganda linabanwa njiani, wakati rivolva haijali umeishika vipi. Lakini hata kwa mtu kama huyo kuna njia. Kuna risasi za shabaha za 38, zile za kichwa bapa kilichozama ndani ya ganda, baruti kidogo, kasi ndogo, ndo ninazotumia mimi sasa kwenye ile rivolva yangu na vidole vimeniacha salama. Kuna rivolva za mtutu mfupi zinazotumia risasi za .32 ambazo teke lake ni dogo zaidi. Na kuna bastola ya .380, Shield EZ iliyotoka 2018, ambayo slaidi yake imetengenezwa makusudi iwe laini kuvuta, mgonjwa wangu aliivuta mara ya kwanza akaniangalia kama amefungua kopo la jemu lililowashinda wote nyumbani. Risasi za +P zilizotiwa nguvu zaidi kwenye kirivolva chepesi, hizo ningeziacha dukani.

Ninachoomba kwenu ni kitu kidogo, mkiandika tena mambo haya muweke uzito wa silaha ikiwa na risasi ndani, muweke aina ya risasi, na muwaambie watu renji nyingi hapa zinakodisha, unalipa kidogo unapiga zote mbili kabla hujanunua. Mimi nilinunua kwanza.

Tena picha mliyoweka mkaandika chini yake rivolva, ile ni bastola ya magazini. Tazameni vizuri, haina silinda.

Msomaji wenu,
Mama Zuhura,
Houston, Texas