Bunduki Mbili za Upepo Zinazofanana, Nguvu Tofauti: Pima Jouli, Usisome Boksi

Boksi moja limeandikwa mita 300 kwa sekunde, jingine 240. Wateja wengi huchukua ile ya 300 wakiamini ndiyo kali. Piga hesabu kwanza: nusu ya uzito wa risasi kwa kilo, mara mwendo, mara mwendo tena. Jibu ni nguvu ya risasi kwa jouli. Kama 300 ilipatikana kwa risasi nyepesi ya aloi ya gramu 0.35, na 240 kwa risasi ya kawaida ya gramu 0.547, zote mbili zinatoa jouli 15.75. Hakuna iliyomzidi mwenzake.

Modeli moja pia hutoka kiwandani kwa nguvu tofauti. Weihrauch HW97K ya soko la Ujerumani, yenye alama ya F ndani ya pembetano, haizidi jouli 7.5. Ile ya Uingereza hukaa chini kidogo ya jouli 16.27, kikomo cha bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha huko. Kwa umbo huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo ukinunua iliyotumika, tafuta alama kabla ya kulalamika kuwa imechoka.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tumia kopo moja la risasi kwa bunduki zote mbili. Piga tano za kupasha, kisha kumi juu ya kronografu (kifaa kinachopima mwendo wa risasi), uchukue wastani. Usibadilishe risasi katikati: bunduki ya springi, ambamo springi husukuma pistoni naye hubana hewa inayorusha risasi, huchagua risasi. Risasi nzito mno humfanya pistoni arudi nyuma kabla risasi haijatoka mtutuni, na jouli hushuka. Inayolegea mlangoni mwa mtutu nayo huondoka kabla hewa haijabanwa vya kutosha. Hata kichwa cha milimita 4.50 na cha 4.52 vinaweza kutoa majibu tofauti. Tofauti ya nusu jouli kati ya bunduki mbili nzima si ugonjwa, iache.

Ikishuka jouli mbili au tatu, watu hukimbilia kununua springi. Sisi mafundi tunaanza na oringi ya mlango wa mtutu, yaani pete ya kuzuia hewa pale risasi inapoingizwa, kwa sababu ni rahisi na ndiyo husahaulika. Weka risasi, funga, laza kipande chembamba cha tishu juu ya maungio, piga kwenye shabaha salama. Tishu ikiruka, hewa inavuja hapo. Ikitulia, mashaka yanahamia kwenye sili ya pistoni, kizibo cha kichwani mwake kinachozuia hewa isivuje, hasa kama mwendo wa risasi kumi umepishana kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Sili huharibiwa zaidi na kupiga bila risasi: hakuna kinachozuia hewa, pistoni anagonga mwisho wa silinda kwa nguvu zote. Springi iwe ya mwisho kushukiwa, ingawa iliyokatika karibu na ncha huendelea kurusha, ila ukikoki utasikia inakwaruza.

Namba ikipanda ghafla, usifurahi. Moshi, harufu ya kuungua na mlio mkali maana yake mafuta yanawaka ndani ya silinda. Bunduki mpya hufanya hivyo mpaka grisi ya ziada iishe. Iliyozoeleka ikifanya hivyo, mtu ameweka mafuta ya mashine pasipostahili. Sili itaungua na springi itaumia. Kwenye springi tunapaka grisi ya molibdeni, kiasi cha kung'arisha tu. Mafuta ya silikoni hayafai hapo, hayalindi chuma kinachosuguana na chuma.

Usifungue mwenyewe bila kibanio cha springi. Imebanwa tangu kiwandani hata kama hujakoki, na kifuniko kikifyatuka kinaumiza vibaya.

Ukituletea bunduki ipimwe, ije haijakokiwa, haina risasi, pamoja na kopo la risasi unazotumia. Utarudi nayo na karatasi ya vipimo vyote kumi, siyo wastani peke yake.